Mwaka Vitabu Viliporudi Majumbani

Bi Thureya alifariki Sur, pwani ya Oman, na habari ikanifikia Nizwa nikiwa jikoni nachambua mchele. Mwanangu alitaka kunipeleka mwenyewe, akasema mtu wa umri wangu hafai kuendesha gari mwendo wote ule akiwa na msiba, lakini sikuweza kumngoja atoke kazini. Niliuacha mchele kwenye ungo nikaondoka. Ibra nilipita bila kusimama. Nyumbani kwa marehemu wanawake walikuwa wamejaa vyumba viwili, kahawa na tende zinazunguka, na nyuma yangu mabibi wawili walikuwa wakinong'onezana, mmoja akisema Thureya alizaliwa Malindi ya Unguja, mwengine akisema Vuga, na kila mmoja akimwapia mwenziwe. Nilikuwa nimekunja miguu mpaka imekufa ganzi, nikitafuta sababu ya kuinuka, pale mjukuu wa marehemu, Ilham, alipokuja kukaa ubavuni mwangu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Pole sana.”

“Mama anasema wewe na bibi mlikuwa na maktaba zamani. Lakini hii maktaba hakuna mtu ameona. Picha hakuna, nyumba hakuna. Ilikuwa wapi?”

“Ibra.”

“Ibra wapi?”

“Majumbani mwa watu,” nikamwambia. Nikaona usoni mwake kwamba anadhani msiba umenichanganya, na kabla sijaongeza neno akaitwa kupokea wageni. Njia nzima ya kurudi Nizwa nilikuwa nikimjibu peke yangu garini, na nilipofika nikawa sijamaliza. Kwa hivyo nayaandika.

Namna tulivyotoka Tabora na walivyokuwa wazazi wangu sitaeleza hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka ule wa maktaba nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza skuli, nakaa Ibra kwa kaka yangu, na nimeomba kazi ya ualimu ambayo jibu lake halikuja. Kiswahili changu kilikuwa cha bara, Kiarabu changu cha chuo cha Kurani, yaani cha kusoma na si cha kununulia nyanya. Sikuweza kutulia. Asubuhi nilifagia ua, nikamaliza nikaufagia tena. Jioni nilitembea kufuata falaji, mfereji wa kunyweshea mashamba, mpaka mwisho wa mitende, maji yananipita upande mmoja na mimi nayapita upande mwingine, kisha narudi na kukuta hakuna kilichobadilika. Wifi yangu aliniita kiguu na njia. Siku moja alinikamata mkono mlangoni akasema, “Yuko Bi Thureya, mwalimu wa wasichana, anatafuta mtu anayejua herufi za kizungu na za Kiarabu. Nenda huko ukatembee baina ya makabati, utuache sisi tupumzike.”

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba cha nje cha Maalim Seif, chumba cha kupokelea wageni chenye mlango wake wa barabarani. Maalim alikuwa mzee wa Kiunguja, mrefu, kanzu yake daima imepigwa pasi, na ujanani kwake alikuwa mwanachama wa maktaba ya kule mjini ambayo watu waliilipia ada. Hapa Ibra aliwakusanya waliorudi kutoka Unguja, Tabora, Bujumbura na kwengineko, akawaambia kila nyumba itoe ada ya mwaka na vitabu ilivyonavyo, ili mtu mwenye hamu ya kusoma Kiswahili asife na hamu yake. Watu waliitika. Unaweza kushangaa mtu aliyeondoka kwa haraka alibeba nini. Wengine hawakuja hata na sufuria, lakini walikuja na vitabu. Vilikuwamo vya dini, vya sarufi, vya kutibu homa, vya kilimo cha mikarafuu kwa watu ambao hawataona tena mkarafuu, hadithi za kila namna, vitabu vya skuli vyenye majina ya watoto watatu yaliyokatwa moja baada ya jingine. Chumba kilinuka karatasi, udi na mafuta ya taa, kwa sababu Maalim alipangusa rafu kwa mafuta ya taa akisema ndiyo dawa ya mchwa. Kiyoyozi kilikuwa kimoja, kinanguruma kama lori linalopanda mlima, na chini yake Bi Thureya alikaa na chupa ya chai na sahani ya mandazi iliyofunikwa kitambaa.

Alinitazama nilivyosimama. “Kaa kitako, mwana wa bara. Unajua kupanga vitabu?”

“Naweza kujifunza.”

“Basi umewashinda wote wa nyumba hii. Sisi tunajua, ndiyo maana hatuelewani.”

Na kweli hawakuelewana. Maalim alitaka vipangwe kama vilivyopangwa katika maktaba yake ya zamani. Kila kabati na herufi yake, Alif, Be, Te. Kila rafu na namba yake. Na kila kitabu na nafasi yake juu ya rafu, kuanzia kulia. Kitabu cha Be, tatu, saba kilikuwa cha saba katika rafu ya tatu ya kabati la pili, na kitakuwa hapo mpaka kiyama. Kikiazimwa, pengo lake linabaki wazi likikingoja. Vikubwa vilikaa chini, vidogo juu, isipokuwa misahafu na tafsiri, ambazo zilikaa juu kabisa hata zikiwa nzito namna gani, na hilo hakuna aliyelibishia. Kabati zima la Te lilikuwa la vitabu vilivyoletwa na Bi Nunu, mjane wa marehemu Salim bin Rashid, na la karibu yake lilikuwa la nyumba ya kina Mzee Hilali, na hivyo hivyo, kila ukoo na kabati au rafu yake, kwa sababu ndivyo vilivyofika. Uzuri wa mpango ule ni kwamba Maalim aliweza kukamata kitabu akiwa amefumba macho. Ubaya wake ni kwamba mtu mwengine yeyote hakuweza. Mwanamke alikuja kuuliza kitu cha kusoma juu ya mtoto asiyenyonya, tukapekua makabati manne, maana kila nyumba ilikuja na kitabu chake cha uzazi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika kadi, moja kwa kila kitabu, na kuzipanga kwa herufi ndani ya visanduku alivyochonga seremala. Nilidhani ni kazi ya wiki. Mara kisanduku kimoja kikafura mpaka hakifungiki. Niliandika waandishi wa Kiarabu kwa nisba zao, yaani majina ya koo na miji yao, na kila nisba ilianza na Al, basi nusu ya maktaba ikawa imelala katika herufi moja. Nikazitoa zote nikaanza upya. Vya Kiswahili navyo, ukivipanga kwa majina yao, vinaanza ama na Kitabu cha, ama na Hadithi ya, ama na Utenzi wa, na kisanduku cha K kikafanya kama kile cha A. Maalim alisema mtu apangwe kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa siku ya hesabu ataitwa hivyo. Bi Thureya alisema siku ya hesabu watakuwapo malaika wa kumtambua, hapa tuko mimi na huyu mtoto tu. Waliyasema hayo bila kupandisha sauti, wakipitishiana sukari. Hata vichwa vya kadi vilizua maneno. Kitabu cha mapishi nilikiandika chini ya Mboga, na Bi Thureya akacheka mpaka akavua miwani, kwa sababu kwetu bara hata samaki ni mboga, na kwao Unguja mboga ni majani, samaki ni kitoweo. Akanikatia kadi nyingine akaniambia, “Andika Jikoni. Jikoni kila mtu anakujua.”

Nilipenda kazi ile kwa namna ambayo sikuitarajia. Si kwa utulivu wake, kwani haukuwapo. Nilipenda kwamba hakuna mpango uliokamilika. Kila nilipofikiri nimemaliza, kitabu kimoja kilikataa kuingia, nami nikapata sababu ya kuinuka, kuhamisha, kufuta, kuandika upya. Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, na hata leo naona kwamba mtu asiyetulia hafai kupewa kazi inayokwisha.

Bi Thureya alikuwa na mpango wake, akauficha mpaka Maalim alipokwenda umra, Makka. Asubuhi ya pili ya safari ile alifunga mlango wa barabarani, akavua abaya, akajifunga kanga kiunoni. “Tunavipanga kwa mambo yake,” akasema. “Dawa na dawa, kilimo na kilimo, hadithi na hadithi. Lugha zichanganyike. Anayetafuta habari ya homa hatafuti Kiarabu wala Kiingereza, anatafuta homa.” Tulivishusha vyote sakafuni. Siku kadhaa tulifanya kazi miguu mitupu, tukila mkate wa kumimina tukiwa wima, tukibishana kitabu cha nyota ni cha ubaharia au cha sala. Tulipomaliza, ilikuwa mara ya kwanza chumba kile kuonekana kama kinaweza kujibu swali. Nilikuwa na furaha. Nilizunguka makabati nikigusa migongo ya vitabu.

Maalim aliporudi, kichwa kimenyolewa, alisimama mlangoni kwa muda. Alikwenda kwenye kabati la Be, akanyoosha mkono bila kutazama, akatoa kitabu cha ufugaji wa kuku. Akakitazama, akakirudisha taratibu. “Mmenihamisha nyumba nikiwa safarini,” akasema.

Angeweza kuzoea. Bi Nunu ndiye aliyeshindwa. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkimya, ambaye alikuja kila baada ya siku chache, hakuazima kitu, akakaa kiti cha karibu na kabati la Te, akanywa chai yake, akaenda. Marehemu mumewe alivijalidi vitabu vyake vyote kwa karatasi nzito ya buluu, kwa hivyo kabati zima lilikuwa rangi moja. Siku ile alivuka kizingiti, akatoa salamu, akaelekea kwenye kiti chake, akasita. Kwenye lile kabati sasa palikuwa na vitabu vya safari na vya historia, vyekundu, vyeusi, vya kahawia, na buluu moja moja hapa na pale. Aligeuka akatazama chumba kizima. Buluu zilikuwa zimetawanyika kila upande.

“Salim yuko wapi?” akauliza.

Bi Thureya aliinuka akamshika mkono, akaanza kumweleza kwa upole faida ya mpango mpya, namna mtu atakavyopata anachotaka. Bi Nunu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Nimefahamu, mwanangu. Naomba nirudishieni.”

“Bi Nunu, havikupotea. Vyote vimo humu humu.”

“Nimekwambia nimefahamu. Nirudishieni.”

Nilivitoa mimi, kimoja kimoja, nikavipanga ndani ya maboksi ya maziwa ya unga. Mpeleka habari hana mbio kama habari yenyewe. Kabla ya Ijumaa wake wa kina Mzee Hilali walikuwa wameshakuja kuuliza na vyao viko wapi. Wakafuata wengine. Hakuna aliyegombana. Walikuja wenye adabu, na sambusa mkononi, wakauliza hali za watoto, wakanywa chai, wakachukua vyao. Niliwasikia barazani wawili wakizungumza. Mmoja alisema yeye havitaki hata kidogo, vinamjazia chumba, lakini ikiwa Nunu amechukua vya mumewe basi na yeye akiviacha vya babake watu watasema nini. Mwenziwe akajibu, “Vimevuka bahari pamoja. Haifai kuvitenga huku ugenini.” Nilikuwa nyuma ya mlango na rundo la vitabu kifuani, na neno lile ugenini liliniingia. Alikuwa anasema juu ya Ibra, mji ambao babu yake aliondokea.

Makabati yakabaki matupu, isipokuwa misahafu na vitabu vichache vya Maalim mwenyewe. Maalim alizima kiyoyozi. Bi Thureya alisema kichwa kinamuuma, akakaa kwake. Kwangu mimi ilikuwa mwanzo wa joto lile la kukaribia mavuno ya tende, upepo unatoka kwenye mawe, na nyumbani wifi anapika huku anasema peke yake. Jibu la kazi halijaja. Nilikuwa na ufunguo wa chumba, basi nilikwenda kila asubuhi kukaa na visanduku vya kadi. Vilikuwa vimejaa na vimepangika kuliko wakati mwengine wowote. Kadi za vitabu vyote, na vitabu havipo. Nilikuwa nikizipitisha vidoleni, nikizirudisha, nikazunguka chumba, nikazipitisha tena.

Asubuhi mojawapo aliingia yule mama aliyekuwa na mtoto asiyenyonya. Mtoto sasa alikuwa mnene, ila ana vipele. Alitazama makabati. “Mnahama?”

“Hapana,” nikasema, na sijui kwa nini nilisema hapana. Nilivuta kadi ya maradhi ya watoto. Pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe, palikuwa na jina la nyumba iliyoleta kitabu. “Kiko kwa kina Mzee Hilali. Ningoje hapa.” Nikatoka kwenye jua lile nikapiga hodi. Mke mkubwa wa Mzee Hilali alinifungulia, amekunja uso, akidhani nimekuja kudai. Nilimwambia yupo mama na mtoto mwenye vipele, na kitabu cha baba mkwe wake ndicho kinachojua dawa. Uso ukabadilika. “Cha baba?” akasema. “Kwani watu walikuwa wakikisoma?” Aliingia akakitafuta, akakipangusa kwa mtandio wake, akanifuata mpaka maktaba akampe mwenyewe kwa mkono wake. Wakakaa wawili wale wakazungumza vipele mpaka adhana ya adhuhuri.

Nilikwenda mbio kwa Bi Thureya. Alikuwa amelala kifudifudi na kitambaa cha maji shingoni. Nilimweleza, nikitembea kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka akaniamuru nisimame kwa sababu namzidishia kichwa. Akakaa. “Kwa hivyo orodha ipangwe kwa mambo,” akasema, “na vitabu vikae kwa wenyewe. Penye kabati tuandike nyumba.”

“Ndiyo.”

“Maalim atasema hiyo si maktaba.”

Maalim hakusema hivyo. Aliuliza swali moja, kwamba pengo la kitabu kilichoazimwa litaonekana wapi, na Bi Thureya akamwambia litaonekana nyumbani kwa mwenye kitabu, ambaye kila akilitazama atamkumbuka aliyeazima. Maalim alifikiri. Kisha akaenda kuwasha kiyoyozi. Tuliandika orodha upya, Maalim akiwa na vitabu vya Kiarabu, mimi vya Kiswahili na Kiingereza: kwanza jambo, halafu jina la kitabu, halafu nyumba kilipo. Tukazitoa fotokopi, tukazituma Sur, Nizwa na Mintirib kwa kila aliyekuwa akienda huko. Watu wa Sur wakajibu kwa orodha zao. Kumbe kulikuwa na vitabu chini ya vitanda vya nusu ya watu wa jimbo letu la Sharqiyah.

Ndipo nilipojifunza kuendesha gari. Kaka yangu hakupenda, lakini Maalim alisema maktaba hii inahitaji magurudumu, na pikapu ni yake. Bi Thureya alikaa pembeni yangu, mkanda wa usalama ameushika kwa mikono miwili, akisoma uradi kila nilipobadilisha gia. Tulikwenda Sur kuchukua na kurudisha, tukalishwa samaki wa kupaka, wakatutaka radhi kwamba nazi ni ya unga. Nizwa tulikaa chumba chenye picha ya jengo la Unguja ambalo kila mmoja alilidai ni skuli yake. Popote tulipofika, kitabu hakikutoka bila chakula, na chakula hakikwisha bila habari ya aliyekileta kitabu, na mimi niliyekuja kuchukua kitabu kimoja niliondoka na habari za watu watano. Nilikuwa nimechoka na nimeungua jua, na usingizi wangu ulikuwa mzuri kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Ila Bi Nunu. Vitabu vya Salim tuliviandika kwenye orodha, kwa ruhusa yake, lakini kila tulipokwenda alitukaribisha, akatupa kahawa, na kitabu hakutoa. “Waje wavitazame,” alisema. Hakuna aliyekwenda kutazama, mpaka alipokuja Khalfan.

Khalfan alikuwa fundi wa jenereta Mintirib, mtu wa makamo aliyekulia Tabora kama mimi. Kila Jumatano alimleta mkewe kwenye soko la wanawake la hapo Ibra, ambalo wakati ule lilikuwa bado jipya, na kwa kuwa wanaume hawaingii, alikaa garini akingoja mpaka mke atoke na vifurushi. Siku moja aliingia kwetu na orodha ameikunja mfukoni. Alitaka hadithi moja tu, ya mwanamke aliyeolewa mara mbili na mtu yule yule bila kumtambua. Alikuwa ameisoma ujanani, nakala iliyokatika katikati. “Nimeishi miaka yote hii,” akaniambia, “sijui kama alimtambua.” Nikatazama kadi. Ilikuwa kwa Bi Nunu.

Nilimpeleka nikijua atanyimwa. Bi Nunu alisimama ndani ya mlango, Khalfan akasimama uani, akaeleza haja yake akitazama chini. Bi Nunu akasema kitabu hakitoki.

“Basi nikisomee hapa barazani, mama. Mke wangu yuko sokoni.”

Bi Nunu aliingia akakileta. Msahafu aliusoma vizuri, sauti yake ya kisomo ilijulikana, lakini herufi za kizungu hakuzijua. Hilo sikulijua mpaka siku ile. “Kisome,” akasema. “Lakini kisome kwa sauti. Ukianzia mwanzo.”

Khalfan akasoma. Alikaa kwenye kizingiti cha baraza, sisi tukakaa ndani, mlango wazi. Alisoma kama fundi, pole pole, akirudi nyuma kila neno lilipomponyoka. Jumatano ya pili majirani wawili walikuwapo, wamekuja na maharage yao ya kuchambua. Jumatano iliyofuata chumba kilijaa, na mke wa Khalfan mwenyewe alitoka sokoni mapema akakaa nasi. Hadithi ilikuwa ya kuchekesha. Kulikuwa na mahali mume anajificha ndani ya jungu la harusi, na mama mkwe anaagiza jungu litiwe moto, na mume humo ndani anaanza kusoma shahada huku akitaja madeni ya jirani yake. Khalfan alishindwa kuendelea. Alifunika uso kwa kitabu, mabega yanamtikisika. Wanawake waliangukiana. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na nilipofuta macho nikaona kwamba Bi Nunu hakucheka.

Aliinuka, akaingia chumba cha ndani. Tukanyamaza mmoja mmoja. Bi Thureya alinifanyia ishara nikamtazame. Nilimkuta amesimama mbele ya rafu yake ya buluu, mikono kifuani.

“Bi Nunu, tumekuudhi?”

“Hapo ndipo alipokuwa akicheka,” akasema. “Hapo hasa. Tumeoana mwaka wa kwanza, mimi mtoto, naingia na kahawa, yeye na kitabu chake anacheka mpaka machozi. Nikimuuliza, anasema, hutafahamu, Nunu, ni kirefu. Nikitoka nasikia anacheka tena.” Akagusa mgongo wa kitabu kimoja kwa kidole. “Nilidhani akinicheka miye. Mpaka amekufa nilidhani hivyo.”

Nilisimama naye. Huko nje mtu aliuliza kwa sauti ndogo kama Khalfan aendelee, na Bi Nunu akajibu kutoka ndani, kwa sauti iliyosikika barabarani, “Na aendelee. Nani kamwambia anyamaze?”

Jibu la kazi lilikuja wiki ile ile. Nilipangiwa Nizwa, nianze Jumamosi ya pili yake. Mtu angedhani nitaruka kwa furaha, kwa jinsi nilivyoingoja; niliisoma barua nikaiweka chini ya kikombe, nikatoka nje nikafagia ua. Maktaba ile iliendelea bila mimi. Bi Thureya aliiongoza mpaka alipohamia Sur kwa bintiye, na orodha ilikuwa bado ikitembea, ikizidi kurasa, mpaka wenye vitabu walipokufa mmoja baada ya mwingine na watoto wao wakawa hawajui kusoma kilichomo. Vingine viliishia kwangu, vingine kwa wauza karatasi. Khalfan alijua mwisho wa hadithi yake, lakini alikataa kunisimulia, akasema nije nisikie. Sikuwahi. Siujui mpaka leo.

Jumatano ya mwisho kabla sijahama nilikwenda kumuaga Bi Nunu. Khalfan hakuja, jenereta lilikuwa limeharibika Mintirib. Nilimkuta Bi Nunu amevishusha vitabu vyote sakafuni na kuvigawa marundo mawili. Bi Thureya alikuwa amekaa mkekani, kadi tupu mkononi, anamtazama tu.

“Kwa mambo yake?” nikauliza.

“Mambo yake siyajui,” Bi Nunu akasema. “Hivi alikuwa akivisoma huku akicheka. Na hivi alikuwa akivisoma halafu hasemi na mtu mpaka asubuhi.”

Bi Thureya alinipa kadi na kalamu. “Andika kama alivyosema,” akaniambia. Nikaandika: Vya kucheka. Nikaandika: Vya kunyamaza. Nilikuwa na nguo za kufunga, na kaka yangu alikuwa akiningoja na gari. Nilianza kuaga. Bi Nunu alikuwa ameinama kwenye rundo la pili, akachagua kitabu kimoja chembamba, akaninyooshea.

“Kucheka kwake nishakujua,” akasema. “Sasa nisomee alikuwa akinyamazia nini.”

Nikakaa kitako, nikafungua ukurasa wa kwanza.